Beta Anaumwa? Uliza Kwanza Ilianza Lini

Samaki beta, huyu mdogo wa mapambo anayefugwa tangini, hana njia nyingi za kulalamika. Amonia, sumu inayotokana na uchafu wake, ikimzidi, hulala chini. Akisikia baridi, hulala chini. Akivimbiwa, hulala chini. Na dume mwenye mapezi marefu, akichoka kuyaburuta, naye hulala chini. Ndiyo maana mtu akisema tu kwamba beta wake amelala na hachangamki, hata mfugaji mzoefu hawezi kumjibu lolote la maana.

Kinachotenganisha sababu moja na nyingine mara nyingi ni wakati. Ilianza saa chache baada ya kubadilisha maji? Wiki ya pili tangu tangi linunuliwe? Huwa mnyonge asubuhi kisha mchana akawa sawa? Ilianza baada ya kula? Mwongozo huu umepangwa kwa maswali hayo. Tafuta sehemu inayofanana na hali yako, lakini usiruke hatua inayofuata.

Kabla ya yote, pima maji

Unahitaji namba tano. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi, na 26 ni pazuri pa kulenga. Amonia iwe 0. Nitriti iwe 0. Nitrati iwe chini ya miligramu 20 kwa lita, na ikifika 40 umechelewa kubadilisha maji. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 6.5 na 7.5 inafaa, ingawa beta huvumilia pH iliyo nje kidogo ya hapo kuliko pH inayopanda na kushuka kila wiki.

Nunua vipimo vya matone. Karatasi za kuchovya ni rahisi kutumia, ila nyingi hazipimi amonia, na amonia ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Katika vipimo vingi vya matone maji ya amonia hubaki ya njano ikiwa ni 0, kisha huanza kuelekea kijani. Soma rangi mchana, kichupa kikiwa mbele ya karatasi nyeupe. Chini ya taa ya njano usiku, 0 na 0.25 zinafanana kabisa. Na ukipeleka maji dukani wakapima, usikubali jibu la “yako sawa”. Omba namba.

Chupa ya dawa iache kabatini kwanza. Dawa nyingi ni mzigo mwingine kwa matamvua ambayo tayari yameungua, na baadhi huua bakteria wanaosafisha tangi, halafu tatizo lililokuwa moja likawa mawili.

Wiki za mwanzo za tangi jipya

Hapa ndipo beta wengi wanapofia, na mwenyewe huapa kwamba maji yalikuwa maangavu. Yalikuwa maangavu kweli. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachomdhuru samaki hutaisikia harufu yake.

Mambo huenda hivi. Samaki hutoa amonia mwilini mwake muda wote, hasa kupitia matamvua. Chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa hadi irundikane. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Hukaa kwenye sifongo ya chujio, kwenye changarawe na juu ya majani. Tangi jipya halina, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ukijaza maji Jumamosi na kumtia samaki Jumapili, ndani ya siku chache amonia itapanda, na ikianza kushuka, nitriti itachukua zamu yake.

Amonia utaitambua kwa matamvua mekundu au yenye kuelekea zambarau, mapezi yaliyobanwa mwilini na rangi iliyofifia. Nitriti ina alama yake: samaki anahema haraka ingawa yuko juu kabisa anakovuta hewa. Nitriti huzuia damu isibebe oksijeni, kwa hiyo hata hewa anayoimeza haimfai kitu.

Fanya hivi: badilisha theluthi hadi nusu ya maji leo, pima kesho, na rudia kila siku ambayo amonia au nitriti inaonyesha 0.25 au zaidi. Mlishe kidogo, siku moja ndiyo siku moja hapana. Usioshe chujio. Kama nitriti ndiyo iliyo juu, gramu 1 ya chumvi kwa kila lita husaidia, kwa sababu kloridi iliyomo hushindana na nitriti kuingia kwenye matamvua. Na ukimjua mtu mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sifongo yake chafu, kibebe kikiwa kimelowa na kiingie ndani ya chujio lako siku hiyohiyo. Sijaona bidhaa ya chupa inayofikia hicho kipande cha sifongo.

Kama samaki bado hujamnunua, una bahati: tia chanzo cha amonia kwenye tangi tupu, acha chujio na hita zifanye kazi, na subiri hadi amonia na nitriti zote zishuke kuwa 0 ndani ya saa 24 tangu uitie. Hapo badilisha maji mengi, kisha mlete.

Na tangi lenyewe? Wanaomfuga kwenye bakuli la kioo husema beta hupumua hewa, kwa hiyo hahitaji maji mengi. Nusu ya kwanza ni kweli. Ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kutumia hewa ya juu ya maji, na kwao, katika mashamba ya mpunga na vinamasi vya Thailand, kiungo hicho humwokoa maji yanapoishiwa oksijeni. Hakimwokoi na uchafu wake mwenyewe. Yale maji ya Thailand ni ya kina kifupi lakini yametanda, yana joto na yamejaa mimea. Lita 10 ndicho kima cha chini ninachoweza kukitetea. Lita 20 zitakusamehe makosa mengi zaidi.

Aliharibika saa chache baada ya kubadilishiwa maji

Washukiwa ni watatu.

Wa kwanza ni klorini. Samaki hukimbia huku na huku, hujigonga kwenye vioo, kisha hulegea. Maji ya bomba yenye klorini ukiyaacha wazi siku nzima hupungua makali, lakini mahali wanapotumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) hilo halitasaidia, kwa kuwa kloramini haiondoki kwa kuachwa. Tumia dawa ya kuondoa klorini kila mara, na kama unamimina moja kwa moja kutoka kwenye mpira, pima dawa kwa ujazo wa tangi lote badala ya maji mapya peke yake. Dawa za kawaida huivunja kloramini na kuacha amonia kidogo, kwa hiyo chagua ile inayosema pia kwamba inadhibiti amonia.

Wa pili ni joto. Maji mapya yasitofautiane na ya zamani kwa zaidi ya nyuzi 2. Mkono wako si kipimo, tumia kipimajoto.

Wa tatu ndiye mjanja, na huwakuta watu walioamua kujirekebisha. Tangi limekaa miezi bila kubadilishwa maji, samaki yuko sawa. Siku moja mwenyewe anaingiwa na bidii, anatoa karibu maji yote, anaosha changarawe na chujio. Usiku huo samaki anakufa, na lawama zote zinaangukia maji ya bomba. Kilichotokea ni kwamba maji ya zamani yalikuwa yamepoteza uwezo wa kuzuia asidi na pH ilikuwa imeshuka sana. Katika pH ya chini amonia huwa katika umbo lisilo na sumu kali. Maji mapya yakapandisha pH ghafla, na amonia yote iliyojificha ikageuka sumu, wakati uleule bakteria wa kuishughulikia wakiwa wameshasuuzwa. Tangi lililotelekezwa hurudishwa polepole: asilimia 10 hadi 15 kila siku au baada ya siku mbili, hadi nitrati na pH zikaribie zile za bomba. Baada ya hapo, robo ya maji kila wiki inatosha tangi la lita 20. Sifongo isuuze ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe isiwe chini ya bomba.

Mnyonge asubuhi, mzima mchana

Hiyo ni baridi ya usiku. Tazama kipimajoto alfajiri kabla taa haijawashwa. Chini ya nyuzi 22 usagaji wa chakula hupungua, kinga hushuka, naye hujiegesha kwenye jani au kwenye hita yenyewe. Hita ya wati 25 inatosha lita 20 katika chumba cha kawaida. Ifunge karibu na chujio, kisha kipimajoto kikae upande wa mbali, vinginevyo utakuwa unapima joto la hita badala ya joto la tangi. Na iwe na kidhibiti chake. Zile zisizo nacho huchemsha tangi dogo siku ya joto.

Anapanda juu kila mara

Kupanda, kumeza hewa na kushuka ni jambo lake la kawaida. Wasiwasi uanze anapobaki juu bila kushuka, au matamvua yanapopiga haraka hata akiwa ametulia. Pima amonia na nitriti, halafu tazama uso wa maji kwa ubavu: kukiwa na utando wa mafuta, weka karatasi ya jikoni juu yake, iinue, rudia hadi uondoke. Baadaye angalia kama chujio linautikisa uso wa maji kidogo. Nafasi ya hewa kati ya maji na mfuniko isizibwe kabisa, ila mfuniko uwepo: beta huruka.

Mapezi yameharibika

Hapa watu hukimbilia dawa ya kuoza mapezi, ilhali mambo manne tofauti hufanana ukiyatazama kwa mbali. Sogea karibu na kioo.

Pezi lililochanika lina mpasuko mmoja ulionyooka, kingo zake safi. Kuna kitu kinachomkwaruza. Chukua soksi nyembamba ya nailoni uipitishe juu ya kila pambo na kila mmea wa plastiki. Inaponasa soksi, na pezi hunasa hapohapo. Toa pambo hilo, weka mimea hai au ya kitambaa laini.

Pezi lililong'atwa na samaki mwenyewe hukosa kipande chenye umbo la nusu duara, mara nyingi kati ya jioni na asubuhi, bila kubadilika rangi. Madume wenye mikia mizito sana huwa na tabia hiyo. Mara nyingine chanzo ni mkondo wa chujio unaomsukuma kutwa, mara nyingine ni kivuli chake kwenye kioo. Punguza mkondo kwa kufunga kipande cha sifongo mdomoni mwa chujio, au hamia kwenye chujio la sifongo linaloendeshwa kwa pampu ya hewa, ambalo kwa beta ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kuoza kwenyewe huenda polepole kutoka ukingoni kuelekea mwilini, na ukingo huwa mweusi, mwekundu au wenye manyoya meupe. Bakteria wanaohusika huwapo katika matangi mengi siku zote. Hupata nafasi samaki anapodhoofishwa na maji mabaya. Robo ya maji kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili, joto thabiti, na majani makavu ya mti wa mkungu, ambayo hutoa rangi ya kahawia na kushusha pH kidogo: hayo huponya hali nyingi za mwanzo. Uozo ukifika shina la pezi, hapo ndipo pa kutafuta kiuavijasumu kwa daktari wa mifugo.

La nne si ugonjwa hata kidogo. Pezi linaloota upya huanza kwa ukingo mwangavu usio na rangi. Wengi huudhani ni kuvu wakaanza kutibu samaki anayepona.

Anaelea ubavu, au hawezi kupanda

Ilianza baada ya kula? Tumbo limejaa? Basi karibu hakika amelishwa kupita kiasi, na tumbo linabana kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea. Mnyime chakula siku 2 hadi 3, hakikisha joto ni 26 au 27, kisha anza na dafnia, viumbe wadogo wa majini ambao maganda yao husaidia choo. Njegere wanazozipendekeza wengi ni za samaki wanaokula majani. Beta ni mla nyama, kwao hula wadudu na viluwiluwi vya mbu. Kwa siku za kawaida punje 2 au 3 ndogo asubuhi na idadi hiyo jioni zinamtosha, hata kama anakuja mbele ya kioo kukuomba. Ataomba. Beta huomba hata akiwa ameshiba.

Akishindwa kupanda kuvuta hewa, punguza kina cha maji kiwe sentimita 12 hivi na mwekee jani pana karibu na uso. Hali ikidumu wiki bila kuhusiana na chakula, huenda ni umri au jeraha la ndani. Wengi huishi miaka 2 hadi 4, na dume anayeuzwa akiwa na mapezi kamili tayari ana miezi kadhaa. Mzee asiyeelea vizuri anaweza kuishi kwa raha katika tangi la kina kifupi.

Madoa, vumbi na mabaka

Tofautisha kabla ya kugusa hita, maana joto linalosaidia kutibu ugonjwa mmoja huchochea mwingine.

Madoa meupe yaliyotengana, yenye ukubwa wa punje ya chumvi, juu ya mwili na mapezi: ni kimelea cha madoa meupe. Kikiwa mwilini dawa haikifikii, maana kimejifukia chini ya ngozi. Hufa kikiwa majini kikitafuta samaki wa kuingia. Joto huharakisha mzunguko wake, ndiyo sababu watu hupandisha hadi nyuzi 29 au 30, nyuzi 1 kwa siku, huku wakitia dawa. Usiache dawa madoa yanapotoweka. Endelea siku kadhaa, kwa sababu vimelea vilivyotoka mwilini viko chini kwenye changarawe vikizaliana.

Vumbi laini la rangi ya dhahabu au kutu, ambalo mara nyingi halionekani kwa mwanga wa kawaida: zima taa zote, mmulike kwa tochi kwa ubavu. Samaki hujisugua na kubana mapezi. Kimelea hiki hutumia mwanga kujitengenezea chakula, kwa hiyo funika tangi wakati wa tiba. Dawa za shaba hukiua, lakini zitaua pia konokono na kamba wadogo. Mtibu katika chombo cha pembeni.

Mabaka ya kijivu au meupe mdomoni au mgongoni yanayotanuka ndani ya siku moja au mbili: hao ni bakteria, na huenda kwa kasi zaidi maji yakiwa ya moto. Hapa shusha joto hadi 24, mtenge, na mwone daktari wa mifugo mapema.

Maji yenyewe

Ukungu mweupe katika tangi jipya ni bakteria waliofurika. Utaondoka wenyewe baada ya siku kadhaa ukiacha kulisha sana. Maji ya kijani ni mwani unaoelea: punguza taa iwe saa 8 kwa siku na liondoe tangi kwenye jua. Vumbi la kahawia kwenye kioo cha tangi changa lifute, litakoma. Rangi ya chai inatoka kwenye mti au majani ya mkungu, haina tatizo. Harufu ya mayai yaliyooza ni changarawe nene isiyopitisha maji. Inyonye kwa mpira kidogo kidogo, na isizidi sentimita 3 hadi 5.

Magamba yamesimama

Mtazame kutoka juu. Magamba yakiwa yametengana na mwili na tumbo limevimba pande zote, maji yamejaa mwilini kwa sababu viungo vya ndani, hasa figo, vimeshindwa kazi. Wachache hupona, na nisingekushauri ujaribu dawa tatu kwa pamoja. Chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu, si chumvi ya mezani) na maji safi humpunguzia uvimbe wakati mwingine. Asipokula na asipoweza kusimama wima, zungumza na daktari wa mifugo juu ya kumlaza asiamke tena kwa mafuta ya karafuu, yanayotumika kuwatia samaki ganzi.

Mambo ya kutotibiwa

Samaki mpya asiyekula siku 3 za kwanza, muache. Akizidi wiki, jaribu chakula hai au aina ya punje alizozoea kule alikotoka. Povu kwenye kona ya uso wa maji ni kiota cha dume aliyekomaa. Hakithibitishi kwamba maji ni mazuri, kwani wapo wanaojenga kwenye maji yenye amonia, kwa hiyo kisikuzuie kubadilisha maji ya wiki. Mistari ya mlalo mwilini huja na hofu na kuondoka akitulia. Na ukinunua wa mabakamabaka, usishangae akigeuka kutoka mweupe kuwa wa bluu ndani ya miezi michache. Aina hiyo hubadilika rangi maisha yake yote, akiwa anakula na kuogelea kama kawaida.